Komisioneri wa Riwaya

Nilipomaliza riwaya yangu, madaftari manne yaliyojaa, nilisoma mahali kwamba mwandishi mchanga asijipeleke mwenyewe kwa mchapishaji, atafute ajenti. Bunia maajenti hawakosekani. Kuna ajenti wa serikali anayengojea mshahara, kuna wa pesa za simu anayekaa chini ya mwavuli kwenye Boulevard de la Libération, na kuna yule mwingine ambaye ukimwambia unaandika kitabu, atataka kujua umemwandika nani. Wa vitabu sikumpata.

Desturi yenyewe ni ya Waingereza. Ajenti A. P. Watt aliishika London katika karne ya 19, akikata asilimia 10 ya malipo ya mwandishi. Upande wa Kifaransa, ambao shule zetu ziliufuata, wengi hadi leo hupeleka mswada wenyewe. Hata Tuzo ya Mabati-Cornell ya fasihi ya Kiswahili, iliyoanzishwa 2014, ilipokea miswada bila kumdai mtu ajenti. Lakini mimi nilishanasa kwenye ile asilimia 10, maana naijua: ndiyo anayokata komisioneri wa mtaani kwetu akiuza parseli ya ardhi. Nikamfuata.

“Mwalimu, iko na mita ngapi?”

“Ni kitabu, si parseli.”

“Sawa. Na dokima iko?”

Nikampa madaftari. Akahesabu kurasa kwa kidole cha mate, kisha akauliza kama hakuna mgogoro wa familia ndani. Nikakumbuka sura ya 7, inayomhusu shemeji yangu. Nikasema hakuna.

Baada ya wiki mbili akaniambia wateja watatu wameshakuja. Moyo ulinidunda. Kumbe alikuwa amemtoza kila mmoja pesa ya kutembelea, kama afanyavyo kwa nyumba: faranga 2,000 kusoma sura ya kwanza, yeye amesimama pembeni na funguo mkononi. Wawili walisema ni nzuri, ila wanaenda kushauriana na bibi. Wa tatu, alipofika pale ninapoeleza nyumba ya mhusika wangu, aliuliza choo kiko upande gani.

“Na pesa yangu?”

“Ile ni ya miguu yangu, Mwalimu.”

Mteja wa nne alikuwa shemeji. Alilipia sura zote.

Usiku huo nilirudisha madaftari nyumbani, nikachukua rangi nyekundu na kuandika juu yake neno tunaloandika kwenye kuta za nyumba zinazogombaniwa: HAIUZWI. Asubuhi komisioneri akapiga simu. Kuna mtu ameliona, anauliza bei.