Mofolojia ya Nyumba ya Vyumba Sita: Utangulizi kwa Wanaoanza

Mwanafunzi, kaa vizuri, uzime simu. Taaluma unayoingia leo inaitwa Makazimofolojia, tawi la elimu linalochunguza jinsi nyumba inavyopata vyumba ambavyo haikuzaliwa navyo. Kuna watu wanaosoma nyota. Sisi tunasoma korido. Ukisimama uani kwa mtu aliyeongeza bati mara mbili hutaona nyota hata moja, na hapo utajua ipi kati ya taaluma hizi inaitawala nyenzake.

1. Mzizi

Uchambuzi wowote huanza na mzizi. Kwa Dar es Salaam, mzizi wetu ni nyumba ya Kiswahili ya kawaida, ile ya Ilala, Magomeni na Temeke: baraza mbele, mlango mkubwa, korido katikati, vyumba vitatu kushoto na vitatu kulia, kisha mlango wa nyuma unaofunguka uani penye jiko, choo na stoo. Mzizi huu hauna kasoro. Mtu akisimama mlangoni anaona mpaka uani, na upepo nao hupita njia hiyohiyo. Kasoro, ambayo kitaalamu tunaiita upogokorido, huanza mzizi unapopachikwa viambishi.

Fasili: kiambishi cha nyumba ni chumba, nusu chumba au nia ya chumba, kinachobandikwa kwenye mzizi baada ya mwenye nyumba kutamka, "Fundi, hapa hatuwezi kupata kachumba?" na fundi kujibu, "Tunabanabana tu, mzee."

Vifaa vya utafiti ni futikamba, timazi na pima maji. Ramani tunaitaja kwa heshima tu. Ramani iliyo hai huchorwa kwa penseli juu ya karatasi ya mfuko wa saruji, na saa kumi jioni karatasi hiyo huwashiwa moto wa chai.

2. Kiambishi awali

Hiki hukaa mbele ya mzizi, nacho ni fremu ya duka. Tofautisha, tafadhali, fremu-bomozi na fremu-bandiko. Fremu-bomozi hupatikana kwa kubomoa dirisha la chumba cha mbele likawa mlango, kisha mlango wa kuingilia koridoni ukazibwa kwa tofali; chumba hubaki ndani ya nyumba kwa mwili, lakini kwa ukoo kimeshahama. Fremu-bandiko hujengwa juu ya baraza. Wazee waliokuwa wakicheza bao hapo huhamia kwenye benchi la mwenye saluni, na mgeni wa heshima huingia nyumbani kwa kujipenyeza kati ya wakala wa pesa za simu na muuza mkaa. Mwanafunzi asiyeweza kutofautisha aina hizi mbili arudi mwanzo wa somo.

3. Kiambishi tamati

Hapa ndipo penye roho ya taaluma. Kiambishi tamati huongezwa nyuma, kuelekea uani, kwa kuendeleza bati lilelile la zamani. Kinatawaliwa na Kanuni ya Udidimiobati, ambayo utaikariri kabla ya kula.

Chukua paa lenye mteremko wa nyuzi 15. Kwa kila mita unayokwenda nyuma, bati linashuka takribani sentimita 27. Tuseme ukuta wa nyuma wa mzizi una mita 2.7. Ongeza chumba chenye kina cha mita 3, na ukuta wake wa mwisho utabaki na mita 1.9, mpangaji mrefu atavaa shati akiwa amekaa. Ongeza kingine cha mita 3 na utapata mita 1.1. Hapo tumetoka katika makazi ya binadamu, tumeingia katika ufugaji wa bata. Kodi, nimeona, haishuki kwa nyuzi hizohizo.

Mbele ya kanuni hii mafundi wamegawanyika katika madhehebu. Washushasakafu huchimba chini mpaka kichwa cha mpangaji kipate nafasi. Hoja yao ni nzuri wakati wa kiangazi. Masika yakifika, maji ya uani hushuka ngazi mbili kwa adabu na kuingia chumbani, kwa kuwa maji hayajui dhehebu. Wanyanyuapaa hung'oa bati lote na kuinua kuta kwa kozi tatu. Hawa wana haki kabisa, na ndiyo maana hawaajiriwi. Wa tatu, Wafichapaa, ni zao la mtindo wa kontemporari: huzungusha ukuta mfupi juu ya nyumba ili bati lisionekane, na mwenye nyumba akishaacha kuliona huamini kwamba halivuji. Sitawajadili. Ningependa tu ifahamike kwamba bati la geji 30 ni jembamba kuliko la geji 28, namba ikipanda unene unashuka, na Mfichapaa huchagua namba kubwa akidhani amepandishwa cheo.

Tusisahau suala la tofali la inchi sita. Tofali hilo lina vipimo vya inchi 6 kwa 9 kwa 18. Likisimamishwa hutoa ukuta wa inchi 6. Likilazwa hutoa ukuta wa inchi 9. Chumba chenye upana wa futi 9 kikijengwa kwa kulaza pande zote mbili hupoteza futi moja na nusu ya uani, yaani nafasi ya karai, ndoo na mtu mmoja anayefua kwa staha. Ndoa zimetikisika kwa pungufu ya hapo.

4. Kiambishi kati

Wanaisimu wanabishana kama Kiswahili kina viambishi kati, yaani vile vinavyopasua mzizi na kukaa ndani yake. Waje Magomeni. Sebule hupasuliwa kwa ukuta, upande mmoja ukaitwa masta, na ndani ya masta kikaingizwa choo ambacho mlango wake, kwa sababu ya bomba kutafuta njia fupi ya shimoni, hutazamana na meza ya chakula.

Zao la pembeni la kiambishi kati, na la tamati pia, ni dirisha lililobaki ndani ya nyumba. Dirisha-yatima ni lile lililopoteza nje yake lakini likabaki na nondo na wavu wa mbu, likilinda jiko dhidi ya chumba cha watoto. Dirisha-mjane ni yatima aliyewekewa kabati mbele. Dirisha-mtalaka hufunguka, ila kwa makubaliano ya pande zote mbili.

5. Njeo

Nyumba huambishwa wakati pia. Tazama juu ya nguzo: nondo zimechomoza zikingoja ghorofa. Nondo mpya zinazong'aa ni za -TA-: nitajenga. Zikifungiwa kamba ya kuanikia nguo ni za -NGE-: ningejenga. Zikishapata kutu, dishi la televisheni na kiota ni za -NGALI-, na hapo sarufi haina msaada, kwani kwa hewa ya chumvi ya pwani kutu huvimba kuliko chuma kilichoizaa na zege hupasuka kutoka ndani.

6. Ngeli ya mahali

Lamu, iliyoingia katika Urithi wa Dunia mwaka 2001, ina wikio: chumba kinachovuka juu ya kichochoro kuunganisha nyumba mbili. Wajenzi wa huko walibanwa na urefu wa boriti za mikoko, uliowapangia upana wa chumba kabla mwenye nyumba hajafungua kinywa. Wakaongeza mahali pasipokuwa pa mtu. Fundi wa Temeke mwenye kichochoro cha mita moja asome sehemu hii mara mbili, kisha akamwone jirani.

Zoezi

Nyumba ina vyumba sita, fremu mbili na vyumba viwili vya uani. Kijana wa pili anaoa Desemba, na mama mkwe wake anataka masta. Mahali pekee palipobaki pana shimo la choo. Mpangaji wa chumba cha kona amelipa kodi ya miezi sita.

(a) Mlango upite wapi?
(b) Mpangaji apite wapi?
(c) Ikiwa jibu la (a) na la (b) ni chumbani kwa bibi, nani atamwambia bibi? (Alama 70)