Sifa za Namba Isiyosoma

Sijawahi kumsikia mtu akiisifu impakti fakta hadharani. Wanaoitegemea huitumia kimyakimya. Wanaoichukia huandika makala ndefu za kuilaani, kisha huzipeleka kwenye jarida lenye impakti fakta kubwa. Hii ni dhuluma, na leo nimekuja kuiondoa.

Kwa asiyeijua, ni hesabu ya kugawanya tu. Chukua mwaka mmoja. Hesabu ni mara ngapi mwaka huo watafiti wamerejelea yale yaliyochapishwa na jarida fulani katika miaka miwili iliyotangulia. Gawanya kwa idadi ya makala za jarida hilo katika miaka hiyo miwili. Jibu unalopata ndilo heshima ya jarida, na kwa kuwa dunia ina haraka, ndilo heshima ya kila aliyeandika humo. Mwanafizikia aliyeketi kwenye kamati ya kupandisha vyeo anaweza kumpima mtafiti wa malaria ambaye hajasoma hata ikisiri yake, akampa uprofesa au akamnyima, na chai yake ikiwa bado ya moto. Zamani kazi hiyo ilidai watu wasome, wabishane, na pengine wakiri kwamba fani hiyo hawaijui. Namba imewaondolea fedheha hiyo.

Nasaba yake pia ni ya kujivunia. Mwaka 1955 Eugene Garfield, Mmarekani aliyefanya kazi zake Philadelphia, alipendekeza katika jarida la Science kwamba sayansi iwe na faharasa ya nani kamrejelea nani. Wazo aliliazima kwa wanasheria wa Marekani, ambao tangu karne ya 19 walikuwa na faharasa iitwayo Shepard's. Wakili aliyeifungua aliona hukumu yake imetajwa na hukumu zipi za baadaye, na aliona pia zimeifanyaje: zimeifuata, zimeitilia shaka, au zimeitengua. Impakti fakta ilipokuja kukokotolewa, ilichukua sehemu ya kuhesabu. Ile ya kujua kama hukumu imetenguliwa ilibaki kwa wanasheria, watu wenye nafasi.

Uamuzi huo umezaa usawa ambao hata dini hazijaufikia. Mwaka 1998 The Lancet ilichapisha makala ya Andrew Wakefield na wenzake kuhusu watoto 12, iliyowatia wazazi hofu kwamba chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela inahusiana na usonji. Jarida liliifuta mwaka 2010. Katikati hapo wanasayansi walikesha wakiikanusha, na huwezi kuikanusha makala bila kuitaja. Namba haikuwauliza wanaitaja kwa nini. Mbele yake, aliyekusifu na aliyekuumbua wote wamekupigia kura.

Ukarimu wake nao! Mwaka 2008 George Sheldrick, mtaalamu wa fuwele wa Göttingen, Ujerumani, alichapisha historia fupi ya programu zake za SHELX katika Acta Crystallographica, sehemu A, akadokeza kwamba atakayezitumia programu hizo anaweza kuirejelea makala hiyo. Walioitumia SHELX walikuwa wengi mno, na wakafanya hivyo kwa maelfu. Impakti fakta ya jarida, iliyokuwa kama 2, ikaruka hadi karibu 50 katika hesabu ya mwaka 2009, ikazipita Nature na Science. Wengine waliochapisha humo waliamka asubuhi wakiwa wakubwa bila kuongeza hata nukta. Makala moja ililima, zote zikavuna. Ni ujamaa ambao Mwalimu hakuwahi kuufikiria. Wala si ajabu ya mara moja. Per Seglen wa Norway alionyesha mwaka 1992 kwamba asilimia 15 tu ya makala, zile zinazorejelewa zaidi, hubeba nusu ya urejelewaji wote. Zilizobaki husafiri kwa nauli ya wenzao, na kondakta hasemi kitu.

Tena ni namba inayofundisha mashauriano. Marejeleo yanayotaja tahariri na barua huhesabiwa juu ya mstari wa kugawanya, lakini tahariri na barua zenyewe kwa kawaida haziingizwi chini ya mstari, kwa kuwa si makala hasa. Basi kipi ni makala hasa? Hapo ndipo utamu ulipo. Mwaka 2006 wahariri wa PLoS Medicine walisimulia hadharani kwamba, kutegemea kitu gani kingehesabiwa chini, jarida lao lingeweza kupata 11 au lisifike hata 3. Sisi tuliokulia kwenye bei ya maelewano hatukushangaa.

Wapo waliojaribu kuidhihaki, nayo ikawalipa. Mwaka 2007 wahariri wa Folia Phoniatrica et Logopaedica, jarida la matatizo ya sauti na usemi, waliandika tahariri iliyorejelea kila makala waliyoichapisha katika miaka miwili iliyopita, zote 66, wakisema wazi kwamba wanapinga upuuzi wa kupima watu kwa namba hii. Impakti fakta yao ikapanda kutoka 0.66 hadi 1.44. Nchini Brazili, ambako alama za programu za uzamili zilifungamanishwa na namba hiyohiyo, majarida kadhaa yalikumbuka kwamba kidole kimoja hakivunji chawa, yakaanza kurejeleana. Mwaka 2013 manne kati yao yakasimamishwa kwenye orodha ya majarida yanayopewa namba. Naona walionewa. Walichofanya ni kutii kipimo walichopewa.

Kwetu waandishi wa Kiswahili imetufunza unyenyekevu. Jarida la Kiswahili la Chuo Kikuu cha Dar es Salaam lina mizizi inayofika mwaka 1930, na makala zake za miaka ya sabini bado wanafunzi wanazinakili. Namba hutazama nyuma miaka miwili tu, na huhesabu marejeleo yaliyo ndani ya kanzidata yake. Tasnifu iliyo kwenye rafu ya maktaba haimo. Kitabu cha kiada kilichochapwa Nairobi hakimo. Makala inayosomwa nusu karne baadaye imechelewa sana kuthibitisha kwamba ina athari.

Sikatai, maadui wapo. Desemba 2012 wahariri na wanasayansi walikutana San Francisco wakaandika azimio la kutaka namba hii isitumike kuajiri wala kupandisha watu vyeo, na maelfu wamelitia saini. Mwaka 2021 Chuo Kikuu cha Utrecht, Uholanzi, kikatangaza kuiacha. Hata Garfield, aliyefariki mwaka 2017, alieleza zaidi ya mara moja kwamba haikukusudiwa kupima mtu mmojammoja. Ilikuwa ya kuchagua majarida. Tumsamehe. Wazazi wengi hawajui vipaji vya watoto wao.

Ila hili la karibuni linanitia wasiwasi. Tangu mwaka 2023 kampuni ya Clarivate, inayoitoa namba hii sasa, huichapisha ikiwa na tarakimu moja tu baada ya nukta, badala ya tatu za zamani. Majarida yaliyokuwa yakitenganishwa na sehemu moja ya elfu ya pointi sasa yamefungana, na kamati itakuwa na waombaji wawili wenye namba ileile. Nasikia kuna wajumbe wanaopendekeza kwamba hali hiyo ikitokea, makala za waombaji zifunguliwe zisomwe. Nawasihi wenyeviti wa kamati waikatae hoja hiyo mapema, kabla haijaingia kwenye kumbukumbu za kikao.