Barua ya Wazi kwa Waheshimiwa Wapangaji wa Mitaala ya Sekondari

Waheshimiwa,

Baada ya salamu, na taadhima iwastahikiyo watu waliojaliwa elimu pamoja na amri ya kuigawa, natanguliza shukrani kwa ile hekima yenu, ambayo sisi walimu wa fizikia wa Tanzania tumeionja kwa miaka mingi, ya kutaka kijana wa kidato cha tatu ajumlishe nguvu kwa vekta katika somo letu, ilhali vekta zenyewe mwalimu wa hisabati amepangiwa azifundishe kidato cha nne. Nahodha atwekaye tanga leo, akiwaahidi abiria kwamba usukani utapakiwa bandari ijayo, ana imani kubwa. Nayo imani, madhali imeshuka kutoka juu, si adabu kuihoji.

Wala fadhila zenu hazikukomea hapo. Vijana wa tahasusi ya Fizikia, Kemia na Baiolojia, mliowahurumia mkawapa hisabati ya kiasi, hufanya mtihani mmoja wa fizikia na wenzao wasomao hisabati ya juu, wakakabidhiwa pendulamu ile ile na sayari zile zile. Na wakishindwa, husemwa kwamba hawakuzaliwa na kipaji cha sayansi. (Aghalabu ninaowaona wamefahamu barabara kwa nini jiwe huanguka; kinachowakwamisha ni kuitenga t iliyopandishwa kipeo cha pili ndani ya mlinganyo.)

Labda mnamfuata Isaac Newton. Yeye, alipokosa hesabu ya kumtosha kuufuatia mwendo, alianza kuibuni mwenyewe, miaka ya 1665 na 1666, akiwa kwao Woolsthorpe kwa kuwa Chuo Kikuu cha Cambridge kilifungwa kwa sababu ya tauni. Basi yamkini dhamira yenu ni kwamba kila kijana wa kidato cha tano naye abuni kalkulasi yake, kati ya kengele ya kwanza na ya pili, pasipo hata tauni ya kumpa faragha.

Ombi langu ni moja, wala halitaigharimu hazina senti: mtihani wa fizikia ufanywe kwa tarehe yake, kisha karatasi zifungiwe kabatini hata mwalimu wa hisabati atakapoifikia sura inayohusika, ndipo watahiniwa waitwe waje wamalizie.

Wenu mtiifu,
Mwalimu wa fizikia, kidato cha tatu