Sufuria Nambari 17

Miongoni mwa taksiri nilizopata kuzifanya kwa nia njema, hapana hata moja iliyonivunjia heshima mbele ya jamaa zangu kama ile ya kumwahidi shangazi yangu kwamba mimi, kwa elimu ya majuma matatu niliyoiokota usiku mbele ya kompyuta, nitamtengenezea programu ya mtandaoni ya kuendeshea biashara yake. Shangazi, Mungu amzidishie umri, hukodisha vyombo vya shughuli huku kwetu Tanga, katika Ngamiani ambako barabara huitwa kwa nambari. Na masufuria yake, masinia, mabirika na majamvi hayana mapumziko, maana leo yako harusini, kesho hitimani, keshokutwa kwenye maulidi. Hisabu yote hiyo alikuwa akiiandika katika daftari la jalada gumu lililonukia bizari, nami kwa ghururi nikalitazama daftari lile kama nahodha wa meli atazamavyo ngalawa.

Si kwamba nilianza bila kusoma. Nilikwisha kupata habari za Edgar Codd, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya IBM huko San Jose, California, ambaye mwaka 1970 alitoa makala akieleza kwamba data zipangwe katika majedwali, mtumiaji asilazimike kujua zimehifadhiwaje ndani ya mashine, na kila chumba cha jedwali kiwe na kitu kimoja tu. Nikasoma kwamba hifadhidata ya namna hiyo huitwa ya kiuhusiano. Na kwa kuwa mimi ni mtu wa pwani, niliyelelewa katika kujua nani ni mkoi wa nani, nikadhani uhusiano unaotajwa ni udugu wa jedwali na jedwali, nikajaza karatasi nzima mistari ya ukoo. Baadaye sana ndipo nilipofahamu kuwa uhusiano, kwa istilahi ya wanahisabati, ni lile jedwali lenyewe, na kwamba siku zile zote nilikuwa nikichora nasaba.

Kila jedwali lapasa kuwa na ufunguo mkuu, yaani alama ya kumtambulisha kila aliyemo asichanganyike na mwenziwe. Mimi nikachagua jina, nisione kasoro yake, hata alipokuja Asha binti Juma wa pili, kompyuta ikamkataa kwa hoja kwamba yumo tayari. Naye bibi wa watu, akiwa kibarazani anasubiri masinia, akauliza kwa upole yu wapi huyo aliyemtangulia kuwa yeye. Nikahamia nambari ya simu, nikaiagiza safu yake ipokee tarakimu za hesabu, maana nambari si nambari? Kompyuta, isiyoona faida ya kubakisha kisicho na thamani, ikazimeza sifuri zote za mwanzo, na juma zima likapita hapana mteja aliyepatikana kwa simu.

Ama katika kuandika vyombo, hapo ndipo nilipoudhihirisha ujuha wangu kwa ukamilifu. Katika jedwali la shughuli niliweka safu tatu, chombo cha kwanza, cha pili na cha tatu, nikajiona karimu. Ikaja hitima moja tu, yenye masufuria 6, masinia 40, majamvi 12 na mabirika, ikanifunza kwamba hapana hitima ya vyombo vitatu. Nikazifuta safu zile, nikaweka moja pana, nikavitia vyote humo kwa kuvitenga na mkato, kama mtu atiavyo nguo safi na chafu katika fuko moja. Alhamisi moja shangazi akaniuliza, katika masinia yake 100, mangapi yamekwisha kuahidiwa. Kompyuta ikajibu 2. Nayo haikusema uongo, kwani ilihesabu mistari miwili yenye neno sinia, isijali kwamba mmoja ulikuwa na masinia 40 na wa pili 55. Kwa jibu hilo tukaikubali harusi ya tatu, na Jumamosi upande wa bwana harusi wakala pilau katika mabeseni ya kufulia, yaliyosuguliwa vyema, alhamdulillahi.

Ikabaki kufuta. Jedwali moja hushikamana na jingine kwa kile kiitwacho ufunguo wa kigeni, yaani ufunguo wa jedwali hili ulioazimwa na lile. Na mwenye kutaka aweza kuamuru kwamba anayefutwa afutwe pamoja na vyote vinavyomtegemea. Nami, kwa kupenda usafi, nikaamuru. Tulipopata habari kuwa mteja mmoja amehamia Muheza nikamfuta, na papo hapo zikatoweka shughuli zake nne, na deni lake, na kumbukumbu ya majamvi 12 aliyohama nayo. Shangazi akanyamaza kitambo, kisha akasema, "Mwanangu, kumsamehe mdaiwa ni thawabu. Lakini mwenye kusamehe si huwa mwenye mali?"

Nikaingia ghalani na kalamu yangu kuhesabu upya, nikachutama gizani nikiyapindua masufuria moja moja; na chini ya kila moja, nilipoufuta moshi kwa kidole, nikaona nambari ya rangi nyekundu: 1, 2, 3, mpaka mwisho. Nimekula ubwabwa wa masufuria hayo tangu sijaota meno, na sikupata kuyatazama upande wa pili. Nikalifungua lile daftari kwa adabu mpya, nikakuta kila mstari una tarehe, mtu, nambari ya chombo na alama ya kurudi, na akina Asha wanatambulikana pasipo shaka, mmoja wa Barabara ya 8, mwingine wa fundi cherehani. Basi nikaziiga nambari zile ziwe ufunguo mkuu, nikaweka jedwali la tatu baina ya shughuli na vyombo, kila mstari ukisema kwamba chombo hiki kimoja kilikwenda kwenye shughuli hii moja, nikaanza kuingiza masufuria. Yakaenda vizuri hadi la 31, hapo kompyuta ikagoma: 17 imekwisha kuwamo.

Nikadhani ni mkono wangu, nikarudi ghalani, nikakuta kweli sufuria nambari 17 ni mbili, za kimo kimoja, ila saba ya moja imekatwa kistari kiunoni. Shangazi hakati saba zake. Anayezikata ni jirani yetu wa barabara ya pili, naye mkodishaji, ambaye kwa miaka miwili hapakuwa na shughuli aliyohudhuria asihadithie jinsi sufuria yake ilivyopotelea mauliduni, akiwalaani walioichukua kwa sauti ya kuwafikia.

Nikamwita shangazi. Akaja, akainama, akaisugua ile saba kwa pindo la kanga, akakitazama kile kistari, bila shaka akizipiga hisabu harusi zote ambazo sufuria ile ngeni ilimpikia kwa malipo. Kisha akageuka kuutazama mlango, akanisogelea, akasema kwa sauti ya chini:

"Mwanangu, ile amri yako ya kufuta, bado ipo?"