Mwenyekiti Hang'oki

Kuna watu mjini hapa wanaodanganya wenzao kwamba kufuga kuku wa kienyeji hakuna kazi. Asubuhi unawafungulia, mchana wanachakura, jioni wanarudi wenyewe bandani, na wewe unaokota mayai. Anayesema hivyo ama hajawahi kufuga, ama ana kuku wa kukuuzia. Hakuambii kwamba iko siku mmoja wao ataamua kuwa yale mayai hayajawahi kuwa yako. Alikuwa akijiwekea akiba yake mwenyewe, wewe ukimwibia kila asubuhi, na sasa amekaa juu ya kilichobaki na hatoki.

Sisi wa Kimara tuna matetea watano uani. Wanne ni wa kununua, wanafanya kazi yao bila maneno. Wa tano ni kishingo, shingo tupu nyekundu, aliletwa kwa basi kutoka Singida ndani ya tenga, zawadi ya mama mkwe. Wenye wakwe wameshanielewa. Kuku wa kununua akileta ujeuri anaingia sufuriani, mjadala umekwisha. Kuku wa mkwe ana kinga ya kibalozi. Kila Jumapili mama anapiga simu, anaulizia watoto, anaulizia mvua, kisha anashusha sauti: "Na kuku wangu je, baba, hajambo?" Mimi huwa naulizwa baada ya kuku, salio likiwa linaelekea ukingoni.

Wanangu wamempa jina la Mwenyekiti, kwa kuwa hatoki kitini. Kiti chenyewe ni dumu la lita 20 lililokatwa ubavu na kujazwa maranda ya kwa fundi seremala. Humo anajitandaza mpaka anakuwa bapa, macho kayakazia ukutani, hasikii wala haoni. Peleka mkono uone. Manyoya yote yanasimama, mwili unakuwa mara mbili, na sauti inayotoka kooni si ya kuku hata kidogo. Ni ya mtu mzima aliyeamshwa usingizini kuulizwa kodi ya nyumba. Ukiendelea kusogea anadonoa, na hadonoi akaachia kama kuku wastaarabu. Anang'ata ngozi ya kiganja, anaizungusha, ndipo anaiachia.

Siku moja nikavaa glavu za jikoni nikamnyanyua. Uzito haupo, amekonda, ila joto la tumboni lilipita glavu. Chini ya kifua amejinyonyoa manyoya, pamebaki ngozi tupu, laini, yenye moto, ili mayai yaguse mwili moja kwa moja. Nikamweka chini katikati ya ua. Akabaki vilevile nilivyomweka, amejikunja, miguu haijanyooka, mithili ya kofia iliyoanguka. Baada ya muda akazinduka, akatembea mbio mbio akilia "kwo, kwo, kwo" mpaka kwenye pumba, akala kwa pupa, akanywa maji, kisha akaachia kwa mpigo mmoja kinyesi cha siku nzima. Sitaki kukieleza. Niseme tu kwamba jirani wa upande wa pili alifunga dirisha. Hapo Mwenyekiti akakung'uta mabawa na kurudi ofisini.

Anaatamia nini? Ndiyo yanayoniumiza kichwa. Hatuna jogoo! Hatukuweka jogoo makusudi, maana nyumba zetu zimebanana na mtaani tuna watu wa zamu za usiku. Sasa yai ambalo halijapata jogoo ulilalie siku 21 au ulilalie mpaka Krismasi, kifaranga hakitoki. Nilimwondolea mayai, akalalia maranda. Nikaondoa maranda, akalalia plastiki tupu ya dumu. Kitinda mimba wetu akamwonea huruma, akamwekea kiazi mbatata. Mwenyekiti akakitazama kwa jicho moja, akageuza shingo akakitazama kwa jicho la pili, akakivuta kwa chini ya mdomo mpaka kifuani. Tangu hapo akawa anakigeuza mara kadhaa kwa siku, uangalizi uleule ambao kuku hulipa yai ili mtoto asigandie upande mmoja wa ganda. Kwa lile joto na lile giza, kiazi kikachipua. Mama watoto akasema angalau yeye katotoa kitu, wengine humu ndani hata shamba la mchicha limewashinda. Sikujibu.

Tukamwita bwana mifugo. Alikuja na pikipiki, akachungulia dumu, akacheka, akatoa somo. Akasema huyu hana ukaidi wala ugonjwa. Ni homoni, inaitwa prolaktini, ikishapanda mwilini kuku anaacha kutaga na anataka kulalia tu. Joto la tumboni na kiota chenye giza vinazidi kuichochea. Kuku wetu wa kienyeji ndivyo walivyo: anataga kumi, kumi na tano hivi, anaatamia, analea, ndipo anaanza tena. Wale kuku weupe wa mayai mnaowaona kwenye mabanda makubwa hawaatamii kwa sababu watu waliwachagua kizazi hadi kizazi, kila aliyependa kulalia hakuachiwa uzao, mpaka tabia yenyewe ikafifia. Ndiyo maana anayefuga wale lazima akanunue vifaranga vya mashine. Nikamwambia, bwana, hao watu walifikiria vizuri sana. Akaniangalia kwa namna ambayo sikuipenda, akaandika risiti.

Mafundi wa mtaani nao hawakukawia. Hii nchi ukiwa na kuku anayeatamia huna haja ya kutangaza, washauri wanakuja wenyewe. Mama wa genge akasema mtie unyoya puani, utamkera mpaka asahau kulala. Sikuweza. Pua ya kuku wa mama mkwe nitoboe mimi? Dereva wa bodaboda akasema mchovye kwenye ndoo ya maji baridi, joto la tumbo litashuka. Tulimchovya. Wapo wanaoapa kwamba inafaa, lakini wetu alitoka majini, akajikung'uta akatulowanisha sote, akarudi kwenye dumu akiwa chepechepe, na usiku huo nililala nikihofia nitapigiwa simu Jumapili kuulizwa kuku kafa kwa nimonia. Mzee mmoja anayecheza bao kwenye kibaraza cha jirani akasema mfunike na tenga chumbani, gizani, siku kadhaa, atakoma. Huyo alikuwa anamtengenezea kiota kingine, tena kizuri kuliko cha kwanza. Kuku anayeatamia ukimpa giza na utulivu umemaliza hitaji lake.

Wakati tunashauriana, ugonjwa ukaanza kuambukiza. Kuku akimwona mwenzake amelala naye roho inamtuma. Yule tetea mwekundu, mfanyakazi wangu bora, tukamkuta amejibana kwenye dumu lilelile, wamelaliana tako kwa bega. Wengine waliosalia, kwa kuwa kuku hupenda kutaga pale wenzao walipotaga, wakawa wanaingia kwa zamu, wanataga juu ya mgongo wa Mwenyekiti, yai linaserereka, naye analikusanya. Kukawa na mayai ya leo, ya juzi na ya lini sijui chini ya tumbo moja. Nikawa namulika moja moja kwa tochi ya simu, usiku, nimekunja ngumi kulizunguka, na yote yanang'aa manjano matupu bila hata uzi wa mshipa. Moja likapona mkono wangu, likasogea kwenye kona ya dumu, likawa viza. Likapasuka lenyewe siku ya jua kali, saa za chakula cha mchana, na wageni wapo. Harufu ya yai viza haina haja ya kusimuliwa kwa Mswahili. Nitasema tu kwamba mgeni mmoja aliaga kabla ya pilau.

Sasa tuje kwenye ushauri wa mama mkwe mwenyewe, maana siku zikazidi na ukweli ukamfikia kupitia kwa binti yake. "Amelala? Alhamdulillahi! Mwekeeni mayai yenye jogoo, atawatolea vifaranga, shida iko wapi?" Kwa Singida hakuna shida. Kule kuku ana uwanja, ana vichaka vya kukimbizia watoto. Hapa Dar es Salaam tuna kunguru. Hawa weusi wenye ukosi wa kijivu waliletwa Zanzibar kutoka India miaka ya 1890, eti wasaidie kula takataka. Takataka zipo mpaka leo, kunguru wapo, na kitoweo wanachokipenda ni kifaranga cha siku tatu. Wanakaa kwenye waya wa umeme wakihesabu. Ukitotolesha lazima ujenge banda lenye wavu hadi juu, ununue chakula cha vifaranga, ukumbuke chanjo ya mdondo, kisha baada ya miezi ugundue nusu ya ulichokilea kina upanga kichwani na kinawika. Mimi nilitaka mayai mawili ya kukaanga na chai. Sikuomba mradi.

Basi nikafuata maelekezo ya bwana mifugo. Nikagonga kizimba cha mbao, sakafu yake wavu wa waya, nikakiinua juu ya matofali ili upepo upite chini. Hakuna maranda, hakuna kona ya giza, chakula na maji vipo, mwanga mchana kutwa. Kinachotafutwa ni tumbo lipoe. Kuku akilala juu ya wavu upepo unampita kifuani, hakuna joto la kurudi mwilini, na siku tatu nne zinatosha kwa wengi. Tuliyenaye si wa wengi. Alikaa mle akinitazama, nikipita anageuka, nikirudi anageuka. Watoto wakaacha kunisalimia. Mama watoto akawa ananitengea chai bila sukari na kusema imesahaulika. Kitinda mimba akabandika karatasi kwenye kizimba: GEREZA.

Lakini ilifanya kazi, na naomba iandikwe mahali. Ule mlio wa "kwo, kwo" ukakatika. Akaanza kutembea kama kuku, akaoga vumbi, akagombania kichwa cha dagaa na wenzake. Hakutaga papo hapo. Mwili unahitaji wiki kadhaa kujirudi, na bado utamlisha bure huku akikupita uani bila salamu. Hatimaye asubuhi moja akatetea kwa kelele mtaa mzima ukasikia, nikalikuta yai, la kwanza. Nikalikaanga mwenyewe, nikalila mwenyewe, mlango umefungwa.

Akataga vizuri. Akataga mfululizo mpaka nikaanza kumsifia kwa majirani. Kisha, alipofikisha idadi anayoijua yeye, nikaingia bandani alfajiri nikaona kitu bapa kwenye dumu, macho ukutani. Sikunyoosha hata mkono. Yule mwekundu tayari alikuwa ubavuni mwake.

Jumapili simu ikaita. Mama mkwe hakuulizia mvua. Alishaelezwa habari za kizimba, na neno GEREZA lilishafika Singida. Akasema amekaa na wazee wenzake, wamelitazama jambo hili kwa mapana, na wameona kwamba kosa si la kuku: nyumba ile haina mwanaume. Nikakohoa. Akasema, "Namaanisha jogoo, baba, usijisikie vibaya." Ameshamtafuta, ni wa Kuchi, mrefu, mguu mkavu, hana mchezo na kunguru. Ameshalipiwa nauli.

Ndiyo nipo stendi ya Mbezi ninapoandika haya, nimekaa kwenye benchi la chuma na tenga tupu magotini. Konda amenipigia mara mbili. Mara ya kwanza walikuwa Dodoma, akaniuliza kwa adabu kama mzigo wangu una kawaida ya kuwika mchana. Mara ya pili walikuwa Morogoro na adabu imekwisha: anasema jogoo kafungua kamba, yupo kiti cha nyuma kabisa, na abiria wa kiti hicho wamesimama tangu Gairo.