Sifa za Maiki Iliyojificha

Wengine na wasifu simba, bahari na wafalme. Mimi leo naisifu maiki ambayo kompyuta ya nyumbani imeikana mchana kweupe: waya umechomekwa, taa inawaka, na bado orodha ya vifaa vya kurekodia ni tupu.

Nasaba yake si ya kubahatisha. Mwongozo wa PC 99, uliotolewa na Microsoft na Intel mwishoni mwa miaka ya 1990, uliligawia tundu lake rangi ya waridi, la spika likapewa kijani, na la kuingizia sauti ya redio au kinanda likapewa buluu nyepesi. Wenye rangi yao rasmi si watu wa kuchezea. Kwenye laptopu nyingi za sasa rangi zimefutwa, tundu ni moja kwa kazi zote, nalo lina kiburi chake: linataka plagi yenye mikanda mitatu myeusi. Ukililetea ya mikanda miwili, litakupigia muziki masikioni hadi alfajiri, lakini neno lako halitalipokea.

Tuitazame haya yake. Kwenye Windows, maiki iliyozimwa haijitokezi ovyo mbele za watu. Mpaka ufungue dirisha la sauti, upande wa kurekodi, ubofye kwa kitufe cha kulia cha kipanya mahali patupu, kisha uombe vifaa vilivyozimwa vionyeshwe. Hapo ndipo inapochungulia, imefifia kama bi harusi aliyechoka, ikingoja uiwashe.

Uaminifu wake nao hauna mfano. Windows 10 na 11 zina swichi ya faragha ya maiki. MacOS, tangu toleo la Mojave la 2018, inataka kila programu ibishe hodi. Na kivinjari kina bawabu wake. Swichi moja ikizimwa, hata mwenye nyumba hasikiki. Wangapi kati yetu tuna ndugu anayetunza siri hivyo?

Tena ni mwalimu. Hufundisha kwamba kazi ina mpangilio: kwanza waya, halafu orodha, halafu ruhusa, dreva mwisho. Mwanafunzi mwenye haraka huanzia mwisho, akapakua dreva usiku kucha kutibu plagi iliyolegea.

Lakini fadhila yake kuu iko kwenye mikutano ya mtandaoni. Mtu kakunja uso, mkono unapiga meza, anamweleza bosi yote aliyoyaweka moyoni tangu Januari. Wenzake wanamwandikia: "Hatukusikii, ndugu." Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, hawakuwa na kompyuta, ila mkombozi huyu wangemtambua. Mshahara wa mtu umeokolewa na swichi.

Wapinzani wataniambia kimya hiki kinawanyima walimwengu maneno ya maana. Hoja hiyo naipima kwa ushahidi. Tazama kinachotokea maiki inapopatikana, baada ya jioni nzima ya kuhangaika, chai imepoa na watoto wamefukuzwa chumbani. Vipau vya kijani vinaanza kurukaruka. Mwenye maiki anasogea, anakohoa kidogo, anatoa ujumbe uliokuwa umezuiliwa muda wote huo:

"Halo, halo. Moja, mbili. Mnanisikia?"