Shemeji Amehamia Chicago

Sina ugomvi na mtu anayetafuta riziki. Ugomvi wangu ni na mtu anayeitafutia sebuleni kwangu, kwenye kochi langu, kwa umeme ninaoulipia mimi, halafu ananiomba nitafune polepole kwa sababu namtoa kwenye umakini.

Mtu huyo ni kaka wa mke wangu. Kwa heshima ya ukoo simtaji jina. Nitamwita Shem kama ninavyomwita kila siku. Alikuja hapa Leicester kutoka Muleba kusoma uhasibu, akamaliza, cheti kipo ukutani. Kisha akagundua kwamba Waingereza wana soko ambako dau la mpira linanunuliwa na kuuzwa kama nyanya. Si kubeti kwa mkeka tulikozoea nyumbani, unapanga timu kumi, kisha moja tu inakuchania wote. Huku ni watu kwa watu: huyu anasema Arsenal itashinda, yule anasema haishindi, na kampuni yenyewe, kama hiyo Betfair iliyoanza mwaka 2000, haijali nani yuko sahihi, inachukua kamisheni kwa aliyepata. Shem anachukua dau odi ikiwa 2.10, ikishuka 2.04 analiuza, tofauti anaitia kibindoni kabla refa hajaingia uwanjani. Ndiyo maana ukimwambia anabeti anakasirika. "Mimi sibeti, shemeji. Mimi natredi."

Nilivumilia. Nilivumilia kukatazwa kushangilia mabao nyumbani kwangu mpaka kwanza nijue yeye amekaa upande gani. Wakati mechi inaendelea, dau linashikiliwa sekunde kadhaa kabla ya kupokelewa ili aliye uwanjani asimwahi aliye mbele ya televisheni, na televisheni yetu nayo ina uvivu wake, kiasi kwamba jirani mwenye redio alikuwa anapiga kelele sisi tukiwa bado tunatazama kona. Shem alimchukia yule mzee kwa dhati. Na farasi! Mtoto wa Muleba aliyekulia kati ya migomba na mibuni, ambaye mnyama mkubwa kuliko wote aliyewahi kumshika kamba ni mbuzi, alikuwa anamjua kila farasi wa Wolverhampton na baba yake mzazi.

Kuna kisa cha farasi mmoja, Voler La Vedette, ambacho nimekisikia katika kila harusi tuliyoalikwa. Tarehe 28 Desemba 2011, huko Leopardstown, Ireland, farasi huyo anaelekea kushinda, kila mtu anamwona, na kwenye soko kuna anayewapa watu odi ya 29 kwa dau la zaidi ya pauni milioni 20. Ilikuwa programu ya kompyuta iliyopotea njia. Madau yote yaliyowekwa mbio zikiendelea yakafutwa. Shem anakisimulia kwa uchungu wa mtu aliyedhulumiwa mirathi. Siku hiyo ya mwaka 2011 Shem alikuwa Muleba, kidato cha pili.

Alipoamua kuondoka kwenye soko hilo, alitoa sababu ya kimaadili. Mwaka 2008 Betfair ilianza kuwatoza makato ya ziada wateja wanaoshinda mfululizo, na mwaka 2011 yakapanda hadi asilimia 60 kwa walioshinda sana kupindukia. Shem aliyakemea makato hayo mezani, kwenye basi, hata kwenye jumuiya. Nikamuuliza yeye amekatwa kiasi gani. Akasema yeye hajafikia kiwango, lakini suala ni kanuni.

Basi akahamia Chicago. Simaanishi alifungasha, angefungasha ningemsindikiza mpaka Heathrow na mfuko wa karanga. Alibaki palepale kwenye kochi, zilizohama ni pesa zake, zikaenda kwenye mikataba ya fyucha ya faharasa ya S&P 500, katika soko la CME la hukohuko Chicago. Hesabu yake nimelazimishwa kuijua, kwa hiyo na nyinyi mtaijua. Mkataba uitwao E-mini, ulioanza mwaka 1997, pointi moja ni dola 50. Faharasa ikiwa 6,000, mkataba mmoja umebeba dola 300,000. Shem hana dola 300,000. Shem hana hata sabuni yake ya kuogea. Kwa hiyo anacheza maikro, iliyoletwa mwaka 2019 kwa ajili ya watu kama yeye: pointi moja dola 5, na hatua ndogo kabisa ya bei ni dola 1 na senti 25. Nimeona mtu mzima, mwenye ndevu, anaacha wali unapoa kwa ajili ya dola moja na senti 25.

Anasema kazi ni ileile. Kwenye kompyuta kuna ngazi ya bei, wanunuzi upande huu, wauzaji upande ule, foleni kwenye kila kipandio, nawe unavizia. Hapo namkubalia, hata mimi nikipita na kikapu cha nguo naona ni ngazi ileile, wamebadili rangi. Asichokisema ni kwamba kule kwenye mpira kiasi unachoweza kupoteza kinatengwa kabla dau halijapokelewa. Kikiliwa kimeliwa, unakwenda kulala. Huku unaweka dhamana tu, na bei ikikukimbia vibaya unaweza kudaiwa zaidi ya ulichoweka. Tarehe 20 Aprili 2020, mkataba wa Mei wa mafuta ghafi ya Marekani ulifunga siku kwenye dola 37.63 chini ya sifuri, na mkataba mmoja ni mapipa 1,000. Watu walikuwa wanalipa ili waondolewe mzigo. Nilipomkumbusha hilo akasema yeye hafanyi mafuta. Muda si mrefu akaanza kufanya kahawa, lakini hilo nitalifikia.

Kinachoniuma mimi hasa ni filimbi. Mpira una dakika 90, zinaongezwa chache za muda uliopotea, refa anapuliza, imejulikana nani mkweli nani mwongo, tunakula. Hata farasi wa Wolverhampton ana mstari wa kumalizia. Chicago haina. Soko linafunguliwa Jumapili saa tano usiku kwa saa za hapa na halina habari na mtu mpaka Ijumaa saa nne usiku. Katikati linapumzika saa moja tu kwa siku, kuanzia saa nne hadi saa tano usiku. Ndipo tunapokula. Nyumba nzima, watoto wa shule wakiwemo, kwa sababu dada yake hawezi kula kaka yake akiwa na njaa. Mwezi Machi, Wamarekani wakitangulia kubadili saa zao, chakula kinasogea saa tatu kwa wiki mbili tatu, kisha kinarudi. Mwalimu wa mwanangu aliandika kuuliza kwa nini mtoto anasinzia kwenye hesabu. Sikujua nianzie wapi kumweleza.

Na pasipo filimbi hakuna kukosea. Zamani akisema Everton inashinda, ikala tatu, hata yeye alikaa kimya mpaka kesho yake. Siku hizi bei ikimwendea kinyume anasema hajakosea, amewahi tu. Ukimuuliza keshokutwa, bado amewahi. Wala huwezi kubishana naye, maana kesho haiishi.

Ijumaa ya kwanza ya mwezi ndiyo mbaya kuliko zote. Saa saba na nusu mchana wa hapa, serikali ya Marekani inatangaza ajira mpya zilizopatikana nchini kwao. Kuanzia saa saba kasoro hakuna kuwasha mashine ya kufagia, hakuna kuvuta maji chooni. Shem amekaa mbele ya kompyuta, mikono kichwani, anasubiri kujua Wamarekani wangapi wamepata kazi. Dada yake amepika, mimi nimetoka zamu ya usiku ghalani, sote tunasubiri habari za ajira za Wamarekani. Yake yeye hatuiulizii.

Kuna kampuni pia ambayo anailipa kila mwezi impime kama anafaa kupewa mtaji. Akivuka mpaka wa hasara amefeli, analipa tena, anapimwa tena. Na kodi amepata mpya ya kulalamikia: hapa Uingereza pesa ya kubeti mchezaji hakatwi, ila faida ya fyucha inakatwa ikizidi kiwango. Kiwango hicho nacho hajakifikia. Usingizi hapati.

Lakini heshima amepata, tena nyingi. Alipokuwa anabeti, Muleba waliomba misa kwa nia yake. Sasa paroko amemtaja kanisani kuwa kijana wetu aliye katika masoko ya fedha ya kimataifa. Kamati ya harusi ya binamu yao ikamfanya mweka hazina. Mimi, mwenye mshahara, nikapewa viti.

Sasa kahawa. Mama mkwe ana kibanja chake, migomba na mibuni ya robusta, na bei ya robusta duniani inatazamwa London, mkataba mmoja tani 10. Mwaka 2024, ukame ulipoipiga Vietnam, tani ilipita dola 5,000. Shem akaanza kumtumia mama bei ya London kila asubuhi, na mama akawa anakwenda nayo chama cha msingi kama mtu aliyebeba barua ya Ikulu. Nakiri hiyo ndiyo huduma pekee niliyowahi kuiona ikitoka kwenye lile kochi. Halafu Jumapili moja, simu ikiwa kwenye spika, Shem akajisahau akasema ameuza kahawa.

"Umeuza kahawa gani, mwanangu? Hii yangu ya maganda bado iko kwenye mkeka."

"Si hiyo, mama. Ya London. Tani kumi."

"Tani kumi umezitoa wapi?"

"Sina, mama. Unauza kwanza, bei ikishuka unanunua."

"Na huyo uliyemuuzia amekulipa?"

Shem akashusha sauti. Dhamana ya kahawa ilimzidi kimo, kwa hiyo alikuwa anatumia akaunti ya mazoezi. "Hakuna mtu, mama. Na pesa si za kweli. Najifunza."

Mama alinyamaza kwa muda, nikasikia kuku wake. Kisha akasema kwamba kule kwao kuna watu wanaouza kahawa ikiwa bado ua, inaitwa butura, serikali imekataza na maaskofu wamekataza. "Lakini hata mtu wa butura, mwanangu, mibuni anayo."

Akaomba apewe mke wangu. Waliongea Kihaya, kirefu, cha haraka, nami sikukifuata. Jumatatu tulipata habari kwamba mama amechukua hati ya kimila ya kibanja, ameifunga kwenye kitenge, ameipeleka parokiani ikafungiwe kabatini. Paroko aliipokea bila kuuliza sababu.